Habari za Saratani ya Pili

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa akishapona, habari ya ugonjwa wake imekwisha. Kwa magonjwa kadhaa dhana hiyo ni kweli. Mtu aliyeugua surua akapona, kwa kawaida haugui surua tena maishani. Na mfupa uliovunjika ukaungwa vema huweza kubeba mzigo kama zamani. Lakini yapo magonjwa ambayo kupona kwake ni mwanzo wa ulinzi, wala si mwisho wa vita. Katika insha hii, msomaji, nataka tufuate habari ya mojawapo: saratani ya kichwa na shingo, na saratani nyingine iwezayo kumzukia mtu baada ya ile ya kwanza kutibiwa. Jambo hili liliwachukua waganga zaidi ya miaka 100 kulifahamu, na hata leo hawajamaliza kujifunza.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu. Kwa desturi seli huzaana kwa kadiri mwili unavyohitaji, kisha hutulia. Saratani ni uasi wa seli: chembe moja huacha kutii amri ya mwili, ikazaana bila kikomo, na uzao wake ukafanya uvimbe unaokula nyama iliyo jirani. Tunaposema saratani ya kichwa na shingo, twakusudia hasa ile inayoota midomoni, ulimini, kwenye ufizi, kaakaa na koo, na katika zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kilicho mbele ya koo.

Sasa fikiri juu ya nyumba ya makuti iliyoshika moto, na majirani wakauzima. Ikiwa kesho yake moshi watoka tena pale pale, tutajua kwamba makaa yalibaki chini ya jivu. Ikiwa cheche ilipeperushwa na upepo ikaanguka juu ya paa la jirani, huo ni moto ule ule uliohama. Lakini ikiwa baada ya miaka mitano moto mpya waanza katika chumba kingine cha nyumba hiyo, kwa sababu watu wa nyumbani hawakuacha kuchezea viberiti, huo si moto wa zamani. Ni wa pili, wenye mwanzo wake wenyewe. Hali kadhalika saratani huweza kurudi mahali pake, huweza kusambaa, na huweza kuzuka upya. Namna hii ya tatu ndiyo iitwayo saratani ya pili.

Huenda ukauliza: ina faida gani kutofautisha, ikiwa zote ni saratani? Faida yake ni kubwa kama tofauti ya uhai na mauti. Saratani iliyosambaa mbali mara nyingi ni vigumu sana kuiponya. Saratani ya pili, ikigunduliwa ingali changa, huweza kuponywa kama ilivyoponywa ya kwanza. Tabibu akiidhania kuwa ni ile ya zamani iliyosambaa, aweza kukata tamaa mahali ambapo tumaini lilikuwapo.

Habari yetu yaanzia Vienna, mji mkuu wa Austria. Siku ya mwisho ya mwaka 1873, mpasuaji mashuhuri Theodor Billroth alimfungua koo mgonjwa wa saratani akaliondoa zoloto lote. Msaidizi wake, Carl Gussenbauer, alimtengenezea mgonjwa huyo chombo cha kumpa sauti badala ya ile iliyoondolewa. Ulikuwa ushujaa usio na kifani katika upasuaji, lakini miezi michache baadaye saratani ilirudi na mgonjwa akafa. Katika siku hizo wagonjwa wachache waliishi muda wa kutosha hata kuweza kupata saratani ya pili. Ugonjwa wa kwanza uliwamaliza.

Hata hivyo Billroth aliona mara chache kwamba mtu mmoja aweza kuwa na saratani mbili zisizo na udugu. Akaweka masharti magumu ya kuzikubali: sura zao chini ya hadubini ziwe mbali mbali, ziote mahali mbali mbali, na kila moja iwe imezaa vijivimbe vyake yenyewe. Masharti hayo yalikuwa makali mno, kwani saratani mbili za mdomoni huweza kufanana kama pacha na bado zikawa na chanzo tofauti. Mwaka 1932 Wamarekani wawili, Shields Warren na Olive Gates, walilegeza kamba hiyo. Wao walitaka mambo matatu tu: kila uvimbe uwe saratani kweli, kila mmoja uwe umejitenga na mwenziwe, na kuwe na hakika kwamba huu si mbegu iliyotoka katika ule. Masharti yao ndiyo yaliyokuwa kipimo cha waganga kwa miaka mingi iliyofuata.

Wakati huo silaha nyingine ilikuwa imekwisha ingia uwanjani. Tarehe 8 Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani, aliona miale ya ajabu iliyoweza kupenya nyama na kuonyesha mifupa. Miale hiyo ndiyo tuiitayo eksirei. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie waligundua radiamu, madini yatoayo mionzi yenyewe bila kuwashwa. Haukupita muda mrefu kabla ya waganga kuitumia mionzi kuunguza uvimbe wa saratani, na wagonjwa ambao kisu kisingeweza kuwafaa wakapata nafuu. Zoloto liliweza kutibiwa bila kukatwa, na mtu akabaki na sauti yake.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Lakini moto ni moto, hata ukiwa dawa. Clarence Dally, aliyekuwa msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison huko Marekani, alikuwa akiijaribu miale ya eksirei juu ya mikono yake mwenyewe. Mikono ikafanya vidonda, vidonda vikawa saratani, ikakatwa yote miwili, naye akafa mwaka 1904. Edison aliacha kazi ya eksirei kwa hofu. Ndipo watu walipoanza kufahamu kwamba mionzi iponyayo saratani huweza pia kuianzisha. Sababu yake ni hii: mionzi huharibu maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Seli ikiharibiwa sana hufa, na hilo ndilo tulitakalo kwa seli ya saratani. Lakini seli nzima iliyo jirani, ikijeruhiwa bila kufa, huweza kuishi na kosa hilo kwa miaka kumi au ishirini, kisha ikaasi.

Funzo hili lilipatikana kwa gharama ya watoto. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari wengi, hasa Marekani, waliamini kwamba tezi fulani iliyo kifuani mwa watoto wachanga ikiwa kubwa huweza kuwaziba pumzi. Basi waliwapiga watoto hao mionzi ili kuipunguza. Leo twajua kwamba tezi hiyo huwa kubwa kwa mtoto kwa maumbile yake, wala haikuwa ugonjwa. Mwaka 1950 matabibu wawili wa New York, Duffy na Fitzgerald, waliwachunguza vijana 28 waliopata saratani ya tezi ya shingo, wakaona kwamba karibu theluthi moja yao walikuwa wamepigwa mionzi hiyo wakiwa wachanga. Watoto walioletwa kwa daktari bila maradhi waliondoka na mbegu ya maradhi. Tangu hapo waganga walijifunza kuipima mionzi kwa uangalifu, na kutoitumia kwa mtoto isipokuwa pale ambapo faida yake ni dhahiri.

Lakini, msomaji, usiharakishe kuitupia mionzi lawama yote. Wagonjwa wengi waliotibiwa kwa kisu peke yake, wasioguswa na mwale hata mmoja, nao walikuwa wakipata saratani ya pili. Sababu yao ilikuwa nyingine, na aliyeifunua vizuri zaidi ni Danely Slaughter, mpasuaji wa Chicago. Mwaka 1953 yeye na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wagonjwa 783 wa saratani ya mdomo na koo. Hawakuridhika kuutazama uvimbe peke yake. Waliichunguza pia ngozi laini iliyouzunguka, ile iliyoonekana nzima. Wakakuta kwamba kando ya kila uvimbe seli zilikuwa zimekwisha kuharibika, na kwamba wagonjwa 11 hivi kwa kila 100 walikuwa na saratani zaidi ya moja, zilizojitenga.

Slaughter alilieleza jambo hilo kwa neno ambalo mtoto yeyote wa mkulima hulielewa mara moja: shamba. Saratani, alisema, si gugu moja lililoota kwa bahati mbaya katika udongo mwema. Shamba zima limeharibika, na gugu lile ni la kwanza tu kuonekana. Ukiling'oa, umefanya vema. Lakini udongo bado ni ule ule, na mbegu nyingine huweza kuchipua pembeni. Shamba hilo ni pana: laanzia midomoni, lapita kooni, lafika katika umio na mapafu, kwani njia yote hiyo hupitiwa na moshi ule ule na kinywaji kile kile. Ndiyo maana saratani ya pili ya wagonjwa hawa huonekana mara nyingi mdomoni, kooni, katika umio au mapafuni. Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa urithi wamekuwa wakiyasoma makosa yaliyo ndani ya seli zenyewe, nao wameona kwamba Slaughter alisema kweli. Tena wameona kwamba nyakati nyingine saratani mbili zilizodhaniwa hazina udugu ni mabinti wa kipande kimoja kilichoharibika miaka mingi nyuma.

Mfano mmoja wajulikana ulimwenguni kote. Katika mji ule ule wa Vienna aliishi Sigmund Freud, tabibu wa maradhi ya nafsi, mvutaji wa sigara kubwa zilizofikia ishirini kwa siku. Mwaka 1923, akiwa na miaka 66, alikatwa uvimbe wa saratani katika kaakaa na taya la juu. Aliishi miaka 16 zaidi, na katika miaka hiyo alipasuliwa zaidi ya mara 30. Uvimbe uliondolewa, ukazuka mwingine. Mmoja ulikuwa saratani, mwingine ulikuwa njiani kuwa saratani. Madaktari walimwonya aache sigara. Mtu huyo aliyefahamu siri za tamaa za wanadamu kuliko wengi wa zama zake, hakuweza kuishinda tamaa yake mwenyewe. Alifariki London mwezi Septemba 1939. Simtaji ili tumcheke, bali tuone jinsi mnyororo huu ulivyo mgumu kukatika.

Je, mnyororo ukikatwa, shamba laweza kupona? Swali hilo lilimshughulisha Condict Moore, mpasuaji wa Louisville, Marekani. Aliwafuata kwa miaka mingi wagonjwa waliotibiwa saratani ya mdomo, koo na zoloto, akawagawa mafungu mawili: walioacha kuvuta na walioendelea. Mwaka 1971 alitoa hesabu ya wagonjwa 203. Katika walioendelea kuvuta, 40 kwa kila 100 walipata saratani ya pili. Katika walioacha, 6 tu kwa kila 100. Wachunguzi waliokuja baadaye hawakuona daima pengo kubwa kiasi hicho, lakini walikubaliana juu ya njia ya jambo lenyewe: kuacha kwafaa, hata baada ya saratani ya kwanza. Nao pombe ni mshirika wa tumbaku. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 1988 ulionyesha kwamba mtu avutaye sana na kunywa sana yumo katika hatari ya saratani ya mdomo na koo zaidi ya mara 35 kuliko asiyetumia hata kimoja. Ubaya wa viwili hivi haujumlishwi, huzidishwa.

Mwanadamu hupenda njia fupi. Ikiwa kuacha ni kazi ngumu, je, hakuna kidonge? Mwaka 1990 watafiti wa Houston, Marekani, walitangaza habari iliyofurahisha ulimwengu wa uganga. Waliwapa wagonjwa dawa kali ya jamii ya vitamini A, na katika muda wa miaka mitatu hivi ni 4 tu kwa kila 100 waliopata saratani ya pili, huku 24 kwa kila 100 wakiipata katika wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Lakini wagonjwa walikuwa 103 tu, na dawa iliwasumbua wengi. Ikajaribiwa tena, kwa kipimo kidogo, kwa wagonjwa 1,190. Matokeo yalipotolewa mwaka 2006, hapakuwa na tofauti. Huko Kanada nako, mwaka 2005, wagonjwa 540 walikuwa wamechunguzwa kwa vitamini nyingine, na waliomeza vitamini E walipata saratani za pili nyingi zaidi katika muda wa kuimeza. Hivyo kidonge kilichotarajiwa kuwa ngao hakikuwa ngao. Kumbuka jambo hili utakaposikia mtu akitangaza sokoni au redioni dawa ya kuzuia saratani zote: hata jaribio la kweli, lililofanywa na wataalamu wenye nia njema, halina budi kurudiwa kwa watu wengi kabla ya kuaminiwa.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya Vienna na Chicago tu. Watu wa pwani yetu wametafuna tambuu tangu zamani, nayo ilikuwa alama ya ukarimu na heshima. Mgeni alikaribishwa kwa sahani yenye majani ya tambuu, popoo, chokaa, katu na tumbaku. Vikolezo hivyo viliitwa uraibu. Na tazama maajabu ya lugha, leo neno hilo hilo ndilo tulitumialo kwa mazoea yamfungayo mtu asiweze kujinasua. Lugha iliona mapema kuliko maabara. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitamka mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani kwa wanadamu. Na mwaka 2003 likaongeza kwamba hata isiyo na tumbaku ni vivyo hivyo, kwa ajili ya popoo. Tumbaku ya kutafuna nayo haina moshi, lakini haikosi sumu. Katika Kenya, saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazowapata watu wengi. Na umio, kama tulivyoona, ni sehemu ya shamba lile lile. Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, ikakataza kumwuzia tumbaku mtu asiyetimiza miaka 18. Sheria hiyo yakuhusu wewe usomaye, kwani ni kwa ajili yako ilitungwa.

Si kila saratani ya koo hutokana na tumbaku au pombe. Nyingine huletwa na virusi, na nyingine humpata mtu ambaye hakuwahi kugusa sigara wala tambuu. Wagonjwa ambao saratani yao ya koo ilitokana na virusi, kwa jumla huwa na hatari ndogo zaidi ya kupata ya pili, kwa sababu kwao shamba zima halikuunguzwa na moshi. Basi tusimkabili mgonjwa kama hakimu. Watu husema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini methali hiyo haifai kando ya kitanda cha mgonjwa. Wengi walianza kuvuta wakiwa vijana, kabla ya kujua madhara yake, tena kwa kushawishiwa na watu waliopata faida. Pole yao ni haki yao.

Linalobaki ni ulinzi. Wachunguzi wengi wamekadiria kwamba watu 3 hadi 7 kwa kila 100 waliotibiwa saratani hizi hupata ya pili kila mwaka. Hesabu hiyo yaonekana ndogo, lakini miaka ikiongezeka nayo huongezeka. Ndiyo sababu daktari humwita mgonjwa aliyepona arudi kuchunguzwa, mwaka baada ya mwaka. Hamwiti kwa kuwa hakumaliza kazi yake. Amwita kwa kuwa anajua historia. Na mgonjwa asiikatae tiba ya mionzi kwa kuogopa saratani ya miaka ishirini ijayo, maana ile iliyopo leo haitamngoja miaka ishirini. Mizani ya tiba huwa na pande mbili, na kwa wengi upande wa faida ni mzito zaidi.

Huenda nyumbani kwenu, au kwa jirani, yupo mzee aliyetibiwa saratani ya mdomo au ya koo, na watu wakashangilia kwamba yamekwisha. Shangilia pamoja nao, kwani ni jambo la kushangiliwa. Kisha, kwa adabu impasayo mkubwa wako, mkumbushe siku yake ya kurudi hospitali. Akiona kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, au sauti ikikwaruza kwa muda huo, au chakula kikimkwama, asingoje siku hiyo ifike. Akitaka kuacha sigara, msaidie, wala usimletee kibiriti. Nawe mwenyewe, ambaye shamba lako bado ni safi, fikiri kabla ya kupokea sigara ya kwanza. Waganga walitumia zaidi ya miaka 100, kisu, mionzi na vidonge, kutafuta namna ya kulirudishia shamba lililoharibika hali yake ya kwanza, na mpaka leo hawajaipata kwa ukamilifu.